Vikokotoo vya umbali wa viwanja vya ndege: Dodoma mpaka Iringa dakika 42, kwa ndege ipi?

Mi kazi yangu ni kukatisha watu tiketi hapa Dodoma, za ndege, za treni, za basi, hata kosta ya kupeleka watu harusini ukitaka nakutafutia, kwa hiyo hivi vikokotoo vya umbali vya mtandaoni ni vitu navifungua kila wakati na wateja wangu nao siku hizi wanavifungua wenyewe kabla hawajanipigia, halafu wananipigia na majibu tayari mkononi. Nimeona niviandikie tathmini maana fujo imezidi. Na kabla hujapandisha presha, sisemi kile kikokotoo cha mafao ya wastaafu, hicho kina wenyewe. Nasema hivi ambavyo unaandika jina la uwanja huu na uwanja ule, unabonyeza, vinakutolea kilomita ngapi na safari ni muda gani.

Nyota nazitoa kabisa mwanzoni. Kwenye kilomita nakipa nyota nne na nusu. Kwenye dakika nakipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu bure haigombwi.

Sitaji saiti hata moja kwa jina, ziko nyingi na ukizitumia tatu umezitumia zote, zinakopiana. Kiingereza kitupu, matangazo yanajaa skrini mpaka unabonyeza tangazo la viatu bila kutaka, ila bando hazili sana na hata kwenye simu ya kawaida zinafunguka. Ukiandika Dodoma inakuletea uwanja wenye msimbo wa herufi tatu DOD, ukiandika Iringa inakuletea IRI, Dar ni DAR, Arusha ni ARK na KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro, ni JRO, hiyo ya mwisho wengi inawapotezea muda, wanaandika KIA wanaletewa magari ya Wakorea.

Sasa kilomita zinapatikanaje. Hakuna mtu aliyepita na futi kamba huko juu. Kila uwanja una latitudo na longitudo zake, programu inachukua nukta mbili hizo na kupiga hesabu ya njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia kutoka nukta moja kwenda nyingine, basi. Ni hesabu ya mabaharia wa zamani. Na kwa sisi wa Dodoma kuna raha yake kwenye hii kitu, maana uwanja wa Dodoma na ule wa Nduli Iringa viko karibu kabisa kwenye longitudo moja, vyote viwili vinasoma nyuzi 35 na dakika 45 mashariki (dakika hizi sio za saa, ni vile vipande 60 vya nyuzi moja), yaani ukisimama kwenye uwanja wetu pale mjini ukatazama kusini moja kwa moja bila kupinda, unaitazama Nduli. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini, Nduli nyuzi 7 na dakika 40, tofauti ni nyuzi moja na nusu ambayo ni dakika 90, na kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini ambayo ni kilomita 1.85 na kidogo. Zidisha hapo, unapata kilomita 166 au 167. Hujatumia bando.

Nasema 166 au 167 kwa sababu saiti mbili zinaweza kukupa namba tofauti na zote ziko sahihi, moja inaichukulia dunia kama mpira wa duara kamili, nyingine inajua kwamba dunia imebonyea kidogo juu na chini. Kuna mteja aliniletea skrinshoti mbili anataka nimwambie ipi ni ya uongo. Kaka, kilomita moja hiyo, Iringa haijahama.

Kwa hiyo kilomita ni za kuaminika, ndo maana nyota nne na nusu. Ile nusu niliyokata ni ya maili. Saiti inakuandikia umbali mara tatu, kilomita 166, maili 103, na maili za baharini 90, sasa mtu mwenye haraka macho yanaangukia ile namba ndogo na anaondoka nayo. Kuna mama aliniambia kwa uhakika kabisa Iringa ni kilomita 90. Nikamwambia mama yangu, kilomita 90 kwa barabara ya Dar hata Gairo hujaiona.

Tuje kwenye dakika sasa, maana hapo ndo penye kesi.

Saiti nyingi za aina hii zinafanya kitu kimoja, zinachukua kilomita zako zinagawanya kwa mwendo wa kilomita 805 kwa saa, ambazo ndo maili 500, halafu zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Haziangalii ni ndege gani, haziangalii upepo, na kubwa kuliko yote haziangalii kama kuna ndege yoyote inayokwenda huko. Dodoma Iringa ukiipitisha kwenye hiyo hesabu unapata dakika 12 za mwendo, jumlisha 30, dakika 42. Inaandikwa kwa herufi nene na kapicha ka ndege.

Dakika 42! Ndo nikapigiwa simu na jamaa wa ofisi moja huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, wana semina Iringa, bosi wake ameiona hiyo dakika 42 na ameshatangaza kwenye kikao kwamba safari hii hakuna kuchoka na barabara, wanaondoka asubuhi wanafundisha wanarudi jioni kulala kwao. Jamaa ananiambia dada nitafutie viti vya watu kumi na kitu, Dodoma Iringa, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Nikamuuliza ndege gani? Akasema yoyote tu ya bei nafuu. Nikamuuliza tena, ndege gani kaka inatoka hapa inaenda Nduli? Kimya. Halafu anasema lakini mtandao umesema dakika 42.

Hapo sasa nikamwelezea ninachowaelezea wote, na nitakiandika hapa ili mwingine akinipigia nimtumie linki nipumzike koo. Ratiba za kawaida za abiria ninazofanyia kazi mimi, ukitaka kutoka Dodoma kwenda Iringa kwa ndege unapitia Dar. Fungua kikokotoo chako hicho hicho, andika DOD mpaka DAR, unapata kilomita 390. Andika DAR mpaka IRI, unapata 391. Yaani Dodoma na Iringa ziko mbali na Dar kwa kiasi kile kile, zimepishana kilomita moja! Ukijumlisha umezunguka kilomita 781 kwenda mahali palipo kilomita 166, unakwenda mpaka unanusa bahari halafu unarudi bara. Na hapo hujahesabu kukaa Dar kusubiri ndege ya pili, na kama ya pili ni ndege ndogo basi inaweza kuwa inaondokea Teminali 1 wakati wewe umeshushwa Teminali 2, majengo tofauti, unatoka nje na begi lako. Ratiba zikikukubali ni nusu siku, zikikukataa unalala Dar kwa gharama yako. Jamaa akauliza sasa hiyo saiti mbona haijasema. Haijaulizwa. Umeiuliza nukta mbili ziko mbali kiasi gani, ikakujibu.

Na hata ingekuwepo ndege ya moja kwa moja, ile hesabu bado ina walakini. Mwendo wa 805 ni wa ndege za jeti zikiwa zimeshatulia juu kabisa. Viwanja vya mikoani huku kwetu kazi kubwa inafanywa na pangaboi, hizi zenye mapanga. Ile Dash 8 Q400 ya Air Tanzania yenye viti 76 ikikaza sana inafika kilomita mia sita sitini na kitu kwa saa, ATR za Precision ziko kwenye mia tano hivi, na hizi Caravan ndogo zinazobeba watalii na wakandarasi ziko mia tatu arobaini tu. Halafu umbali wenyewe ni mfupi mno, ndege ya abiria iliyopanda futi 25,000 rubani anatakiwa aanze kuishusha kilomita mia na zaidi kabla ya uwanja, sasa kwenye safari ya kilomita 166 ni saa ngapi atapanda na saa ngapi atatulia apige hiyo 805? Anapanda kidogo anaanza kushuka. Kinachochekesha ni kwamba ukikodi Caravan ikupeleke Nduli moja kwa moja, hewani ni kama nusu saa, ukiweka na kutembea tembea kwenye ranwei inaweza kuja karibu na zile zile dakika 42. Jibu linakaribia ukweli kwa bahati tu, na bei ya kukodi ndege nzima sijaiona kwenye bajeti ya semina yoyote niliyowahi kuhudumia.

Bosi wa Mtumba aliishia kupanda gari kama wengine wote. Na mi nasema hakupoteza kitu, maana barabara ya Dodoma Iringa sasa ni nzuri, kilomita 260 za lami, wakubwa mnaikumbuka ilivyokuwa zamani ya vumbi na makorongo. Unatoka Dodoma unapita Mlowa, Fufu, unashuka Mtera, unavuka kwenye bwawa, Migori, Izazi, halafu unaanza kupanda Nyang'oro na baridi inaanza kukupiga. Basi linatumia kama saa nne mpaka tano kutegemea na dereva, na hapo Mtera lazima watu washuke kununua samaki, hata aliyesema ana haraka ya msiba utamkuta anapatana bei ya perege. Ukiwa na gari yako binafsi na ukawahi asubuhi unaweza kupunguza, ila Nyang'oro usikimbie, zile kona haziangalii cheo. Na ninachokipenda zaidi, kabla hujaingia Iringa mjini barabara inapita huko huko upande wa Nduli, kwa hiyo aliyetaka kwa nguvu zote kufika uwanja wa ndege wa Iringa, basi linamfikisha jirani.

Hapa niwaambie kitu wahasibu na makarani wa usafiri, maana najua wengine mnachukua kilomita kwenye hivi vikokotoo mnaandikia dokezo la mafuta. Msifanye hivyo jamani. Kilomita 166 ni za ndege. Ukimpa dereva mafuta ya kwenda na kurudi kwa hesabu hiyo umempa ya kilomita 332 wakati barabara inataka 520, tofauti ya kilomita 188, akiishiwa kati ya Izazi na Migori usiku usishangae simu yake ikiwa haipokelewi. Kuna saiti zinaonyesha umbali wa barabara pia chini kabisa kwa maandishi madogo, hiyo ndo ya kuandika, tena uilinganishe na dereva mzoefu.

Sasa ili nisionekane nakisema vibaya tu, tukichukue kwenye safari ambayo ndege ipo kweli, Dodoma Dar. Hapo kinajitahidi. Kilomita 390 kwa hesabu yao inatoka dakika 59, na ndege zetu hizi kweli zinatumia kama saa moja na kidogo. Vizuri. Ila saa moja ni ya ndege, sio ya kwako. Uwanja wa Dodoma una neema moja ambayo viwanja vingi havina, uko mjini kabisa, ukiwa Makole au Area C bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kupiga simu moja, ukitokea Mtumba ndo utaongeza muda kidogo. Lakini bado utatakiwa kaunta mapema, utasubiri, utapanda, saa moja hewani, utashuka JNIA, ndo uwanja wa Dar, utasubiri begi, halafu utaingia barabara ya Nyerere na kuwaomba Mungu na trafiki wa Tazara. Tangu daraja la Mfugale lifunguliwe 2018 pale pamepoa lakini jioni bado ni jioni. Mlango kwa mlango hesabu saa tatu, tatu na nusu, na huyo ni yule ambaye ndege yake haijachelewa.

Na hapo ndo treni ya SGR ilipotuharibia biashara, samahani, ilipotuletea maendeleo. Tangu ianze kubeba watu mpaka Dodoma Julai 2024, abiria wangu wa ndege wamekuwa wakali kwenye hesabu. Reli Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 460, treni inaruhusiwa mpaka 160 kwa saa, ile isiyosimama simama inakuweka Dar kwa saa tatu na nusu hivi na inakushusha stesheni ya mjini kabisa, unatembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kikokotoo kinakwambia ndege dakika 59, moyo unasema ndege, mfuko unasema treni, na mguu ukikanyaga Dar unakuta aliyepanda treni ameshakula. Sio kila siku, usije ukanishika shati, ndege ya asubuhi kwa mtu anayeunganisha safari ya nje pale pale JNIA haina mpinzani, kupanda treni halafu uanze tena kurudi Kipawa na foleni ni kujitesa. Lakini kwa mwenye shughuli Posta au Kariakoo mi mwenyewe namwambia ukweli hata kama kamisheni inapungua.

Upande wa kaskazini kikokotoo kina mtego mwingine. Ukiweka Dodoma mpaka Arusha, ule uwanja wa Kisongo, inakupa kilomita 325. Ukiweka Dodoma mpaka KIA inakupa 337. Tofauti kilomita 12 tu, dakika moja ya mwendo kwa hesabu yao, kwa hiyo mtu anasema haina shida popote nitashuka. Shida ipo! Viwanja vyenyewe vimeachana kama kilomita 49 kwa mstari ulionyooka, vyote unaviona viko umbali mmoja kwa sababu unavitazama kutokea mbali kusini huku. Kisongo uko nje kidogo tu ya Arusha mjini, tena upande huu huu wa barabara ya kuja Dodoma, KIA iko kati ya Arusha na Moshi, ukishuka huko una zaidi ya nusu saa ya taksi na taksi ya KIA haipatani bei kirahisi. Aliyekuwa anaenda Moshi KIA ni yake. Aliyekuwa anaenda Arusha mjini aulize kwanza tiketi imeandikwa ARK au JRO. Na kabla ya kulipa afikirie pia kwamba tangu lami ya Dodoma Babati ikamilike, hizo kilomita 251 zilizozinduliwa 2018, basi la asubuhi kupitia Kondoa linafika Arusha mchana wake, wakati ndege mara nyingi itakuzungusha Dar kwanza, ule ule wimbo wa Iringa.

Vitu vidogo vidogo. Saiti zinaandika muda wa kuondoka na kufika kwa saa za kizungu, 06:40, na kila msimu lazima apatikane mtu anayesoma saa sita na dakika arobaini anakuja uwanjani mchana na tai shingoni, ndege ilishaondoka saa kumi na mbili na arobaini asubuhi. Mi tiketi zote natuma na meseji ya Kiswahili chini yake, mawakala wengine igeni. Halafu kuna mstari mmoja kwenye kurasa zote unaosema tofauti ya saa kati ya Dodoma na Iringa ni sifuri. Tunashukuru kwa taarifa. Kuna nyingine zinakupigia na gharama ya mafuta kwa dola na galoni, hiyo sijui wanamlenga nani, na moja ilinichorea ramani yenye mstari mwekundu unapita juu ya bwawa la Mtera vizuri kabisa, hiyo niliipenda, nilimwonyesha mtoto wangu wa shule na akaelewa latitudo kuliko alivyoelezwa darasani.

Maana kwa wanafunzi na walimu wa jiografia mi nakipendekeza kwa moyo mmoja. Kwa mtu anayetaka kukodi ndege ndogo pia, kilomita hizo ndo za kuanzia mazungumzo na bei, mwenye ndege asikuongezee umbali. Na kwa sisi mawakala kinatusaidia kuelewa kwa nini nauli fulani haifanani na umbali wake. Kwa abiria wa kawaida anayetaka kujua aage nyumbani saa ngapi na afike saa ngapi, hapana. Huyo afungue ratiba ya shirika lenyewe kwanza aone kama kuna ndege, siku gani, inapita wapi, ndo arudi kwenye kilomita kama bado ana hamu nazo.

Kingine cha kuangalia mbele ni Msalato. Uwanja mpya, ule ambao Rais Samia aliuwekea jiwe la msingi Oktoba 2022, uko kama kilomita 12 kaskazini ya mji kwenye barabara ya Arusha, na ranwei yake ni ya mita 3,600, jeti kubwa zinatua. Hivi vikokotoo vinasoma nukta za uwanja wa mjini. Ndege zinapohamia kule, mpaka saiti ibadilishe nukta zake itaendelea kukupimia kutoka uwanja wa zamani, Iringa itakuwa imesogea mbali kidogo na Arusha imesogea karibu, angani ni dakika moja hutaisikia. Ardhini ndo utaisikia. Wale wa Makole na Area C waliozoea kutoka nyumbani dakika za mwisho na boda watatakiwa waamke mapema, wa Mtumba nao waanze kuhesabu safari ya kuvuka upande wa pili wa jiji na mabegi, na hakuna saiti hata moja itakayowaongezea dakika hizo kwenye ile herufi nene. Mkikata tiketi zenu someni imeandikwa uwanja gani, na kama hamna uhakika pigeni simu kwa wakala kabla ya kuita boda.